Mabehewa Niliyodhani Matupu

Nyumbani,
6 Februari

Mwanangu Chiriku,

Marahaba, naitanguliza kabisa, maana najua utaanza na shikamoo. Kisanduku kimefika salama. Dereva wa lori alikileta mpaka mlangoni, kimezungushiwa mablanketi utadhani kichanga, na Fundi Cherehani akatoka kwake na futi shingoni kuja kushuhudia. Unajua tangu madaktari waliponitoa koromeo pamoja na ule uvimbe, jirani yetu huyu ndiye amekuwa mdomo wangu. Mimi naandika kwenye kibao, yeye anamsomea mama yako, kwa kuwa macho ya mama yako yalizima kabla ya koo langu. Mume hasemi, mke haoni. Tunalicheka sana jambo hilo, ila kicheko changu siku hizi hakina sauti, na mama yako lazima anishike bega ndipo ajue nacheka.

Fundi ni mtu mwema, lakini maneno ya watu anayafanyia marekebisho. Juzi niliandika: "Bibie, gauni hilo limekupendeza." Akasoma: "Mzee anasema gauni ni zuri, ila likipunguzwa kidogo kiunoni litakaa vizuri zaidi." Mtaa mzima unajua ninavyombembeleza mke wangu, na maneno yenyewe hata si yangu.

Sasa kisanduku. Niliandika neno la kwanza kwa vidole viwili, kama ulivyonielekeza, nikabonyeza. Ikatoka sauti yangu! Yangu kabisa, ya kabla ya upasuaji. Mama yako alishika ukingo wa meza akasema, "Baba Chiriku?"

Shida ni moja tu: kinachelewa. Mama yako anauliza, "Umekunywa dawa?" Naandika "ndiyo", nabonyeza, taa inawaka, kisanduku kinawaza, kinaendelea kuwaza. Yeye anasubiri, anaita "Upo?", mwishowe anadhani nimetoka, anainuka kwenda kunitafuta uani. Ndipo kisanduku kinapokiambia kiti kitupu: "Ndiyo." Jana kutwa nzima kimeongea na viti.

Kama kuna namna ya kukiharakisha, kiharakishe, mwanangu. Nataka kuongea na mke wangu, basi. Sina kingine ninachokitaka. Wala usipige simu kuuliza habari, kwa sababu ukipiga, mama yako anaongea kwa niaba yetu wote wawili na mimi nabaki kutikisa kichwa.

Baba yako

*

Kazini,
17 Februari

Baba,

Shikamoo, hata kama umeshaijibu. Nimeisoma barua yako mbele ya wenzangu na sehemu ya viti ilibidi niirudie. Walicheka, mimi nikacheka nao, kisha nikaenda chooni nikalia kidogo. Sasa nimenawa uso, tuongee kazi.

Ndani ya kisanduku sauti yako imehifadhiwa katika matriki, yaani majedwali makubwa ya namba. Ukiandika neno, nalo linageuzwa kuwa jedwali la namba, dogo, lakini limejaa kila nafasi. Kisha kisanduku kinazidisha jedwali la sauti kwa jedwali la neno, kinajumlisha, kinazidisha tena, na tena. Huko ndiko kunakokifanya kiwaze. Mashine za hapa kazini zinamaliza hesabu hiyo kabla hujapepesa jicho, lakini kisanduku chako ni kidogo, na mtandao wa huko nyumbani mnaujua wenyewe. Lazima kijihesabie chenyewe.

Bahati nzuri kuzidisha matriki ndiyo kazi yangu. Watu wengine wanaandika programu zenye picha na rangi; mimi naandika zile za chini kabisa zinazozidisha na kujumlisha, ambazo hakuna anayejua zipo mpaka zikichelewa.

Wewe umetangaza treni maisha yako yote, basi nikueleze kwa treni. Mkaguzi wa tiketi ana treni ndefu, na mabehewa mengi hayana mtu. Akikagua kila kiti, treni itafika mwisho wa safari hajamaliza. Lakini akiambiwa mapema mabehewa yenye watu ni haya na haya, mengine anayaruka. Utaniuliza, kwa nini behewa zima na siyo kiti kimoja kimoja? Kwa sababu kukimbilia kiti hiki, kuruka kile, kurudi kule, kunamchosha kuliko kukagua behewa zima kwa mkupuo. Mashine nazo ndivyo zilivyo, zinapenda namba zilizokaa pamoja. Kwa hiyo nitaigawa matriki ya sauti yako katika vitalu vya mraba, vile visivyofanya kazi nitavijaza sifuri, na kisanduku hakitavigusa kabisa.

Nitavijuaje visivyofanya kazi? Ninayo yale matangazo yako ya kituoni, miaka na miaka ya kurekodiwa, safi, hakuna kelele hata ya kikombe. Nitayapitisha yote na kuangalia kitalu gani kinaamka na kipi kinalala tu. Walalaji wote watashushwa kwenye treni.

Nitakutumia kadi mpya ya kumbukumbu ya kisanduku. Unachomoa ya zamani, unachomeka hii, basi. Mwambie mama asihangaike tena kukutafuta uani.

Chiriku wenu

*

Nyumbani,
21 Machi

Mwanangu,

Kadi imefika. Kisanduku sasa kinajibu kabla sijaondoa kidole. Asante sana kwa kazi nzuri.

Mvua imeanza huku. Mama yako anakusalimu.

Baba yako

*

Kazini,
2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Barua yenyewe mistari minne! Nimeelewa: mnaongea mpaka hamna muda wa kuniandikia. Siwalaumu. Mna maneno mengi ya kulipizana.

Nina habari. Mkuu wangu wa kazi ameona hesabu ya kisanduku chako na amesimama nyuma ya kiti changu kimya, na yeye si mtu wa kukaa kimya. Vitalu vingi sana vya sauti yako vilikuwa vimelala, Baba. Nimebakiza vichache tu na sauti bado ni yako. Anataka njia hii iingie kwenye programu zetu zote. Wenzangu wananiita "Bi Sifuri". Nimelipokea jina kwa mikono miwili.

Niambie, mama alisema nini aliposikia unajibu papo hapo? Mlianza kuongea nini? Nieleze kila kitu, hata yale ya kipuuzi. Hayo hasa ndiyo ninayoyataka.

Chiriku, mwenye furaha

*

Nyumbani,
14 Aprili

Mwanangu,

Huyu ni mama yako, anayeandika ni Fundi. Nimemwambia aandike neno kwa neno bila kuongeza kitu. (Sijui kwa nini anadhani naongeza. Fundi.)

Baba yako amekwenda kituoni kuwasalimia wenzake wa zamani, ndiyo maana nakuandikia sasa. Kwenye simu siwezi, yuko hapo hapo anasikiliza.

Umehangaika na kisanduku na mimi sitaki kukuvunja moyo. Sauti ni yake, siwezi kukataa. Lakini ananiongelesha kama abiria. Ananiambia chai iko tayari vile vile alivyokuwa akitangaza kwamba treni ya mashariki imeingia jukwaa namba mbili. Asubuhi ya kwanza nilijikuta napapasa kutafuta mkoba wangu.

Baba yako wa nyumbani hakuwa hivyo, na wewe unajua. Kabla ya neno lolote anaguna kwanza. Mmh. Anatulia kidogo, halafu neno linatoka chini chini, nusu yake amelimeza. Wewe ulipokuwa mdogo ulikuwa unamwigiza. Macho yalipozima, ule mguno ndio ulionionyesha yuko wapi. Nikiusikia najua amekaa au amesimama, amechoka au ana jambo. Kisanduku cha kwanza kilikuwa kinachelewa, lakini mguno ulikuwemo, nilikuwa nausubiri. Hiki cha sasa kina haraka na hakina mguno. Sauti inalipuka tu, na mimi simjui anayeongea yuko wapi wala ana nini moyoni.

Nilimwambia kichwa kinaniuma, akizime. Akakizima. Siku ya pili nikasema hivyo hivyo. Tangu hapo hajakiwasha, na mimi nimeshindwa kumweleza, kwa sababu alikuwa amekifurahia sana. Sasa tunakaa tu. Mwanangu, naogopa. Giza nilishalizoea, lakini lilikuwa giza lenye mume wangu ndani yake.

Usimwambie baba yako nimesema haya.

Mama yako

(Nimeandika kama alivyosema. Hapo wino ulipochuruzika ni machozi yangu, siyo yake. Yeye hakulia. Na lile gauni kweli lingepunguzwa kiunoni. Fundi.)

*

Nyumbani,
16 Aprili

Mwanangu Chiriku,

Barua yako yenye furaha imenishinda kuijibu kwa uongo wa pili. Ule wa kwanza ulitosha.

Kisanduku kiko kabatini, nyuma ya mashuka. Hakijaharibika, kina kasi kama ulivyosema, na kazi yako ni safi. Mama yako ndiye hataki kunisikia. Kila nikikiwasha anasema kichwa kinamuuma. Mara ya kwanza niliamini. Mara ya pili niliuona uso wake, na mimi uso wa mama yako nausoma vizuri kuliko ratiba ya treni.

Nimewaza mengi. Labda sauti ile inamkumbusha mtu ambaye hayupo tena. Alishanizika na ukimya wangu, akazoea, halafu mimi nikafufuka ndani ya bati. Au labda amechoka kuwa na mzee mwenye tundu shingoni. Siwezi kumlaumu, hata mimi ninajichosha.

Nimerudi kwenye kibao. Jana niliandika: "Nimekukumbuka." Tumekaa benchi moja, magoti yanagusana, na namwandikia hivyo. Fundi akasoma kama ilivyo, hakurekebisha hata herufi. Ndipo nilipojua hali ni mbaya. Mama yako alikunja tu pindo la gauni lake na kulikunjua.

Usimwambie mama yako nimekuandikia. Endelea na kazi yako huko, wengine itawafaa.

Baba yako

*

Kazini,
29 Aprili

Baba,

Shikamoo. Kitoe kisanduku kabatini. Wewe huna kosa, mama hana kosa. Kosa ni langu na liko kwenye mabehewa.

Nilikwambia nitaangalia vitalu gani vinalala. Nilivipima kwa kutumia nini? Kwa matangazo ya kituoni. Na kituoni, Baba, wewe huguni. Husiti, humezi maneno, hushushi sauti. Vitalu vilivyobeba sauti yako ya nyumbani vilikaa kimya kipimo chote kwa sababu hakuna aliyeviita. Nilikagua treni ya asubuhi, nikaona mabehewa ya nyuma hayana mtu, nikayang'oa na kuyaacha relini. Watu wake hupanda jioni. Hesabu yangu ilikuwa sahihi kila mstari, na kila mtu hapa aliipitia akaikubali, kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukaa na wewe jikoni. Mimi nimekaa. Mimi ndiye nilipaswa kujua.

Nikawa natafuta sauti yako ya nyumbani nipime upya, na nikakumbuka kwamba sijawahi kufuta ujumbe wako hata mmoja, na ndio niliouchanganya na matangazo nilipoijenga sauti ya kisanduku. Yale maujumbe ya sauti uliyokuwa unanitumia nikiwa chuoni, marefu, yenye redio nyuma na mama akikusahihisha kila sentensi. Nilikuwa nayasikiliza kantini wakati wa chakula. Kuna moja ulimaliza kunisalimia ukasahau kukata. Simu umeiweka mezani, inaendelea kurekodi. Nasikia droo inafunguliwa. Kisha wewe: "Mmh." Kimya kidogo. "Lete mkono." Halafu kikata kucha, kidole baada ya kidole, na mama anakwambia habari za jirani, na wewe unaguna tu mahali panapofaa. Macho yake ndiyo yalikuwa yanaanza kufifia wakati ule. Sikujua kwamba ulikuwa unamkata kucha. Mkuu wangu alikuja na sahani yake akakaa mbele yangu, nikampa kifaa kimoja cha sikioni, akasikiliza mpaka mwisho. Wali wake ulipoa.

Nimepima tena kwa ujumbe wote ule. Vitalu vingi nilivyovishusha vimepanda tena. Maana yake kisanduku hakitakuwa na ile kasi ya kujisifia, na Mkuu alikuna kichwa alipoziona namba, lakini hakubisha. Maneno yatachelewa kidogo. Ila nimefanya jambo moja: vitalu vya mguno ni vichache, nimevipanga vitangulie. Ukibonyeza tu, mguno unatoka hapo hapo, na hesabu ya maneno inaendelea nyuma yake taratibu. Ndivyo wewe mwenyewe ulivyokuwa ukifanya siku zote. Nadhani hata wewe ulikuwa bado unahesabu.

Kadi imo humu ndani ya bahasha. Iweke, usimtangazie mama chochote. Sema tu neno lolote la kawaida.

Mnanijua, nimeitwa Chiriku kwa sababu siri kwangu haikai. Safari hii ninazo mbili na zinanitekenya kifuani. Fanyeni haraka.

Binti yako

*

Nyumbani,
12 Mei

Chiriku wetu,

Fundi amekwenda kununua nyuzi, kwa hiyo mwandishi wangu leo ni baba yako. Nimemwapisha aandike kila ninachosema, hata asichokipenda. (Nimeapa. Baba.)

Kwanza, siri zako mbili zimekwisha, unaweza kupumua. Nimemwambia yote na yeye ameniambia yote. Eti alidhani nimemchoka! Nimemwuliza, mtu akimchoka mumewe anamkunjia mashuka kwa mafungu, yake upande wake, yangu upande wangu, miaka yote hii? Akaguna. Tumegombana juzi, ugomvi wa kweli, kuhusu dirisha la uani nani aliliacha wazi mvua ikaingia. Sikumbuki mara ya mwisho kugombana vizuri namna ile. Kisanduku kilikuwa kinaguna, kinakawia, kinajibu, na mimi namsubiri kwa hamu nimpinge. Fundi alisikia kelele akaja mbio kutusuluhisha, tukamfukuza. (Ni yeye aliyeliacha wazi.) Andika hivyo hivyo, mtoto ataamua mwenyewe.

Sasa nikueleze ile asubuhi ya kwanza, maana najua unaisubiri. Baba yako alikuwa hajaniambia kwamba kadi imekuja. Mimi nimekaa mezani, yeye yuko upande wa jiko, mboga iko motoni, kila mmoja na ukimya wake. Sikuwa nimeuliza kitu. Nikasikia nyuma yangu kidogo, mkono wa kulia, chini chini: mmh.

Mwanangu, nilimjua yuko wapi. Nilijua amesimama, anaegemea mguu mmoja, na ana wasiwasi. Sikumwuliza anataka nini. Nilinyoosha mkono tu, vidole vimefunguka, vile ninavyompa kila mara.

(Nilikuwa sijataka kumkata kucha. Nilikuwa nimeandika kitu kingine kabisa. Lakini alivyounyoosha ule mkono niliacha kila kitu pale nilipokuwa.)

Nikasikia hatua zake zinakuja, nikasikia droo. Alikuwa ameshakishika kidole changu cha gumba na kukigeuzia kwenye mwanga, ndipo kule jikoni kisanduku kikamaliza hesabu zako, kikauliza chumvi iko wapi.

Hakuna aliyekijibu.

Wazazi wako